Mtu wa Kumi Yu Wapi?

Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya swali dogo ambalo mtoto aweza kuliuliza, na mzee mwenye mvi asiweze kulijibu: Mimi ni nani?

Hapa kwetu Rungwe mtu akiulizwa hivyo hutaja jina lake, kisha baba yake, kisha kijiji chake. Mwalimu huongeza kazi yake. Tajiri, watu humwongezea wingi wa ng'ombe zake. Majibu hayo ni mema, nayo yatosha sokoni na barazani. Lakini katika Bara Hindi walikuwako wenye hekima waliosema kwamba hayo yote ni mavazi tu, wala si yeye ayavaaye. Mafundisho yao huitwa Advaita, maana yake "pasipo viwili", na mwalimu wao mashuhuri ni Shankara, aliyeishi yapata karne ya 8.

Yafaa tuyajue, kwa kuwa Wahindu ni jirani zetu tangu zamani. Wazee wa Tukuyu wakumbuka maduka ya Wahindi, na afikaye Dar es Salaam huyaona mahekalu yao katika mtaa wa Kisutu. Tumezoea kuwaita Mabaniani na kuzicheka sanamu zao, tusiulize wanawaza nini. Kumcheka mtu usiyemjua si hekima.

Walimu wa Advaita hupenda kusimulia hadithi moja, ambayo Vidyaranya, mtaalamu wa karne ya 14, aliieleza kwa urefu katika kitabu cha Panchadashi. Watu kumi walivuka mto uliojaa. Fikirini mto wetu Kiwira wakati wa masika, ndipo mtakapoelewa hofu yao. Walipofika ng'ambo, mmoja akawahesabu wenziwe, akapata tisa. Wa pili akahesabu, naye akapata tisa. Kila mmoja aliwahesabu wengine, akajisahau mwenyewe. Basi wakaketi ukingoni, wakamlilia ndugu yao aliyezama. Akapita msafiri, akawatazama, akaona ni kumi. Akawaambia kwamba mtu wa kumi yu hai. Kisha akamwagiza mmoja ahesabu tena, naye alipofika tisa, msafiri akamwelekezea kidole kifuani, akasema, "Wewe ndiwe wa kumi." Kilio kikaisha palepale.

Angalieni jambo hili vema. Mtu wa kumi hakuopolewa majini, wala hakuletwa kutoka mbali. Alikuwapo tangu mwanzo, ila hakutambuliwa. Machozi yao yalikuwa machozi kweli, lakini yalitoka katika hesabu mbovu.

Ndivyo Advaita isemavyo juu ya nafsi. Mtu hujidhani kuwa ni mwili, nao hubadilika tangu utoto hata uzee. Hujidhani kuwa ni mawazo yake, nayo huja na kwenda kama ukungu juu ya mlima Rungwe. Lakini yuko aujuaye mwili na kuyaona mawazo, naye hatumhesabu kamwe. Huyo wamwita atma, yaani nafsi ya kweli. Nao huendelea kusema kwamba nafsi hiyo na Brahmani, asili ya vitu vyote, si vitu viwili. Kwa hiyo haipatikani kwa kutafutwa huku na huko, bali kwa kutambuliwa.

Walimu, sikieni na habari ya kale iliyomo katika Upanishadi ya Chandogya. Kijana Shvetaketu alikwenda kusoma akiwa na miaka 12, akarudi ana miaka 24, amejaa majivuno ya elimu. Baba yake, Uddalaka, akaona ya kuwa mwanawe amejifunza mengi ila hajijui. Akamwagiza atie chumvi katika maji jioni. Asubuhi akamwambia amletee ile chumvi. Kijana akaitafuta asiione. Akaonja maji ya juu, ya kati na ya chini: kote chumvi. Ndipo baba akamfundisha kwamba asili ya vyote nayo ni vivyo hivyo, haionekani nayo imo, na ya kuwa yeye Shvetaketu ndiyo hiyo. Vyeti vya shule twavipenda, nasi twafanya vema; lakini baba huyu alijua kwamba cheti hakimwonyeshi mtu yeye ni nani.

Wala msidhani kwamba Wahindu wote husadiki hivi. Ramanuja, aliyekuja baada ya Shankara, alifundisha kwamba nafsi zetu ni kama mwili wa Mungu, wala si sawasawa naye. Madhva, katika karne ya 13, alisema wazi kwamba Mungu na nafsi ni wawili milele. Na Wahindu wengi wa Afrika Mashariki, ambao asili yao ni Gujarati, hufuata njia ya kumpenda Mungu na kumwabudu. Basi mkikutana na Mhindu, mwulizeni kwanza kabla ya kumfundisha imani yake.

Na sisi je? Sisi twakiri kwamba Muumba na kiumbe ni wawili, na hapo hatuwezi kufuatana na Shankara. Twamwita Kyala Baba, wala mtoto hawi baba yake. Hata hivyo hadithi ya wale kumi yatufaa nyumbani. Vijijini mwetu yuko mzee aliyeondolewa cheo, yuko mjane aliyebaki peke yake, yuko kijana aliyeshindwa mtihani. Kila mmoja husema, "Mimi si mtu tena." Huyo amehesabu cheo, amehesabu mume, amehesabu cheti, amefika tisa, naye analia. Msimkemee, wala msilie naye tu. Fanyeni kama yule msafiri: simameni, mhesabu vizuri, mkamwonyeshe kwa upole yule aliyemsahau.

Zungumzeni haya jioni pamoja na watoto. Wasalaam.