Cheti cha Dawa Kisiishie Dirishani

Maadui watatu wa Taifa, yaani ujinga, maradhi na umaskini, hawajapata kutembea mmoja mmoja. Penye maradhi, ujinga hupata nafasi ya kujipenyeza, na nyuma yake hufuata umaskini. Ukweli huo hudhihirika hata mahali ambapo watu wengi hawautazamii: kwenye dirisha la dawa. Mgonjwa aweza kupewa dawa iliyo halali, yenye ubora, kwa kipimo kilichoandikwa na daktari. Lakini akiipokea bila maelezo, dawa hiyo hiyo yaweza kuivunja nyumba yake.

Mfano mzuri wa jambo hili ni dawa zinazotumika kutibu ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la James Parkinson, tabibu wa London aliyeueleza mwaka 1817. Katika ugonjwa huu, chembe za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa kidogo kidogo. Mkono huanza kutetemeka hali umetulia, viungo hukakamaa, hatua huwa fupi, uso hukosa bashasha, na mwandiko hupungua ukubwa hata mwalimu akashindwa kusomeka ubaoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na ugonjwa huo.

Tanzania haimo nje ya hesabu hiyo. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, miongoni mwa wakazi zaidi ya 161,000, ulibaini wagonjwa 33. Na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kuwa walio wengi kati yao hawakuwa wamepata kutambuliwa na mganga yeyote. Ikiwa hali ilikuwa hivyo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, haihitaji hesabu kubwa kufikiri ilivyo kwa mzee wa Endulen au Nainokanoka, au kwa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola. Huko mtetemeko huitwa uzee, na usipoitwa uzee huitwa uchawi.

Kwa hiyo ni jambo la kushukuru kwamba nuru imeanza kuingia. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010, madaktari bingwa wa mfumo wa fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wakiongozwa na Dakta Michael Rubenstein, wamekuwa wakifika Karatu na kufanya kazi bega kwa bega na waganga wa hospitali ya FAME, wakienda hata vijijini. Huo ni udugu wa kweli. Lakini mgeni, hata awe mwema namna gani, huja na huondoka. Cheti cha dawa hubaki. Swali la kujitegemea laanzia hapo: nani humwangalia mgonjwa wiki ya tatu, mwezi wa nne na mwaka wa pili, wakati bingwa amekwisha kurudi kwao?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa kundi la dawa zinazoiga kazi ya dopamini. Dawa hizo, kama pramipeksoli na ropiniroli, haziiletei akili dopamini. Huugusa ubongo pale pale ambapo dopamini ingeugusa, na kuudanganya kwamba imefika. Ni dawa zenye manufaa, hasa kwa mgonjwa ambaye bado ni kijana. Lakini si dawa za kugawa ovyo. Kwa mzee, dawa ya levodopa iliyochanganywa na kabidopa ndiyo kwa kawaida hutangulizwa, kwa kuwa hizi nyingine humletea kwa urahisi maruweruwe, kuchanganyikiwa na kizunguzungu cha kuangusha anaposimama. Pramipeksoli hutoka mwilini kwa njia ya figo, hivyo mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo. Zile za kale zaidi, kama bromokriptini na kabergolini, zikitumiwa kwa kipimo kikubwa na kwa muda mrefu zaweza kukakamaza vali za moyo. Na ndugu yao, pergolidi, iliondolewa katika soko la Marekani mwaka 2007 kwa sababu hiyo.

Hatari mbili zastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, maana hazionekani kwa kipimo cha damu wala kwa kusikiliza kifua.

Ya kwanza ni usingizi wa ghafla. Mgonjwa aweza kusinzia katikati ya mazungumzo, pasipo dalili ya kumtahadharisha. Karatu ni mji wa madereva. Kutoka hapo magari ya watalii hupanda msitu hadi ukingo wa Kreta, kisha hushuka kwa njia yenye kona kali na mabonde pembeni. Dereva anayetumia dawa hizi bila kuambiwa habari ya usingizi huo ameaminishwa roho za watu huku siri ya hatari ikiwa imefichwa ndani ya chupa.

Ya pili ni kupotea kwa breki za nafsi. Dopamini haiongozi viungo tu. Inahusika pia na tamaa na furaha ya kupata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada, ulionyesha kuwa kati ya waliotumia dawa za kuiga dopamini, asilimia 17.1 walikuwa na tabia zisizozuilika: kamari, ununuzi usio na maana, ulafi wa chakula, au tamaa ya mwili iliyopita kiasi. Kwa wale wasiotumia dawa hizo, walikuwa asilimia 6.9.

Sasa achukuliwe mzee wa Rhotia aliyeheshimiwa maisha yake yote kwa busara. Anaanza dawa; mkono unatulia; familia inafurahi. Baada ya miezi kadhaa anaanza kubashiri matokeo ya mpira kwa simu. Anauza debe la mbaazi, kisha mbuzi, kisha ng'ombe wa mahari ya kijana wake. Mkewe anaona haya kusema. Watoto wanasema baba amepotoka. Majirani wanasema amerogwa. Hakuna hata mmoja anayetazama chupa iliyoko dirishani. Na hali kipimo kingepunguzwa kwa utaratibu, mara nyingi tamaa hiyo ingepungua pia, na mzee angerudi kuwa mzee.

Jambo hilo haliwahusu wakulima na wafugaji peke yao. Mtumishi wa umma mwenye rekodi safi ya miaka ishirini, ambaye ghafla anakopa kila mahali, au mwalimu anayelala darasani, kwa kawaida hufikishwa mbele ya mamlaka ya nidhamu. Nidhamu ya kazi ni lazima, na fedha ya umma ni amana. Hata hivyo haki inadai swali moja liulizwe kabla ya hukumu: je, ndugu huyu ameanza dawa gani, na lini? Kumwadhibu mtu kwa tendo la dawa pasipo hata kuuliza ni dhuluma iliyovaa joho la sheria.

Wapo watakaosema kuwa kumweleza mgonjwa mambo hayo yote ni kumtisha, naye ataikimbia dawa. Hoja hiyo ni ya kumdharau mwananchi. Asiyeambiwa ndiye anayekimbia. Akiona maruweruwe usiku mmoja, huitupa dawa shimoni asubuhi. Na kuziacha dawa hizi ghafla ni hatari nyingine: mwili waweza kukakamaa na homa kali kupanda, na nafsi kuingia katika wasiwasi na huzuni nzito. Hupunguzwa hatua kwa hatua, kama zilivyoanzwa.

Aidha, wajibu huu haumwangukii daktari bingwa peke yake. Dawa hizi huleta kichefuchefu. Mgonjwa akienda zahanati ya kijiji bila kusema anatumia nini, aweza kupewa metoklopramidi, dawa ya kawaida ya kutapika, ambayo huizuia dopamini na kuuzidisha ugonjwa ule ule. Akiona maruweruwe, aweza kupewa haloperidoli, nayo ikamkakamaza kabisa. Tabibu hakukosa nia njema, alikosa habari.

Yanayotakiwa si mambo makubwa. Kipimo kianze kidogo na kipandishwe polepole. Mgonjwa apewe kadi yenye jina la dawa zake, aionyeshe kila aendako. Maelezo yatolewe kwa Kiswahili chepesi, na pale inapobidi kwa Kiiraqw au Kimaasai, mbele ya mke, mume au mtoto anayeishi naye. Kila anaporudi aulizwe waziwazi habari za usingizi, fedha na tamaa. Na jamaa yake aulizwe faraghani. Madhara yakionekana, taarifa ipelekwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, maana madhara yasiyoandikwa kesho humpata mwingine.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi vijijini kuizunguka redio na vijitabu, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Somo lake lilikuwa kwamba afya haitolewi na daktari kama sadaka. Hujengwa na watu wanaoelewa. Waalimu na watumishi walioko Karatu na Ngorongoro ndio wasomaji wa vyeti vya wazazi wao na vya majirani zao. Wasiishie kuvisoma tu; waulize, na wahakikishe wamejibiwa. Dawa iliyoeleweka ni tiba. Isiyoeleweka ni bahati nasibu, na Taifa halijengwi kwa bahati nasibu.