Mapanki Tuliyaona, Kamera Hatukuiona

Nimechoka na uhakiki wa filamu unaoishia kwenye "stori kali" na "mwisho umeniliza". Kaa na vijana wa Bukoba wakitoka banda la video, au kaa mwaloni Muleba mitumbwi ikisubiriwa. Watakusimulia nani kamuua nani. Uliza kamera ilisimama wapi au mwanga ulitoka upande gani, watakushangaa. Eti hayo ni mambo ya mafundi. Jamani, hayo ndiyo filamu yenyewe!

Mfano ninao, na unatuhusu sisi watu wa ziwani. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya sangara iliyopigwa Mwanza, safari ya usiku mmoja tu kwa meli kutoka kwetu. Ikateuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani, na Mwanza watu wakaandamana. Tukabishana: ndege zinazobeba minofu zinaleta silaha au hazileti? Mapanki wanakula watu au mifugo? Maswali halali. Lakini nani aliuliza kwa nini watazamaji wengi huko nje walikuwa wameshaiamini kabla sisi hatujafungua mdomo?

Jibu liko kwenye picha. Filamu ile haina msimulizi wa kukwambia huu ni uovu. Inaanza na kivuli cha ndege kikiteleza juu ya maji ya ziwa. Hujaambiwa lolote, lakini roho imeshaanza kukudunda. Sauper alishika kamera mwenyewe, tena ndogo, akazisogelea nyuso mpaka unasahau kwamba kuna mgeni amesimama pale. Mlinzi wa usiku anaongea gizani, unabaki na macho yake. Mapanki yanaanikwa, funza wanatambaa, na fremu imebanwa: pembeni kuna nini, huoni.

Hapo ndipo ninapomheshimu, na hapo hapo ndipo ninapogombana naye. Pembeni mwa fremu ile kuna watoto wanaokwenda shule, mama anayejenga nyumba kwa faida ya dagaa, wavuvi wanaotaniana na kucheka. Kamera haihitaji kusema uongo. Kuchagua tu kunatosha. Kusifu ufundi wake si kukubali hoja yake. Ila usipoujua huo ufundi, huwezi hata kuonyesha pale alipokubana. Ndiyo maana tulimjibu kwa hotuba, na picha haijibiwi kwa hotuba. Picha hujibiwa kwa picha.

Je, tunazo? Vijana wetu wana kamera, wengine wana droni. Wanachotupa ni ziwa kutoka juu, jua likichomoza, muziki mtamu, basi. Bumbire na Ikuza zinaonekana kama kadi ya salamu. Sura ya mvuvi aliyekesha na karabai huioni. Na sisi wahakiki tunapiga makofi: "picha safi!" Safi kwa lipi? Usafi si maana.

Nakuomba kitu kimoja. Filamu yoyote utakayoitazama wiki hii, zima sauti kwa dakika 10. Angalia umesogezwa karibu na nani, nani amewekwa mbali, na nani hajaonyeshwa kabisa. Ukimaliza, ndipo uje tubishane kuhusu stori.