Darasa la mseto, au darasa na watazamaji?

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nina jambo, nalitoa.

Semista hii darasa letu ni la mseto: wengine wako kampasi Mbeya, wengine mtandaoni, kisha tunabadilishana. Zamu hii mimi niko nyumbani Chimala. Jina la chuo nalihifadhi, maana hata wa vyuo vingine mtajiona humu.

Nasema hivi: kazi za darasa zikipangwa kwa ajili ya waliomo chumbani tu, halafu simu ikawekwa mbele ili sisi wa mbali "tufuatilie", huo si mseto. Ni darasa moja lenye watazamaji. Na watazamaji wanalipa ada ileile!

Mfano. Lekchara anasema, "Dakika tano, jadili na jirani yako." Chumbani kelele zinaanza. Huku Chimala jirani yangu ni mashine ya kukoboa mpunga! Bando linakwenda, nasikia viti vinaburuzwa. Dakika zikiisha, wanaonyoosha mikono wanapata alama za ushiriki. Sisi tunaulizwa, "Wa mtandaoni, mnatusikia?" Tukijibu ndiyo, basi tumeshiriki. Mwisho wa semista nani atabeba sapu? Jibuni wenyewe.

Utetezi naujua. "Mambo haya ni mapya, tuvumiliane." Mapya kwa nani? Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi vikafunguliwa tarehe 1 Juni, ilikuwa dharura, kila mtu alielewa. Dharura ilishapita. Na kufundisha watu walio mbali nchi hii imekujua zamani. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kabla ya hapo, mwaka 1973, kulikuwa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya: wiki 12, watu wapatao milioni 2. Waulizeni wazee. Haikuwa redio peke yake. Kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, kijitabu mkononi, mjadala baada ya kipindi, halafu kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Yaani kazi ya kikundi ilipangwa kabla redio haijawashwa. Na redio yenyewe haikuweza kusikia hata jibu moja. Sisi tuna WhatsApp, tunashindwa nini?

Wengine watasema darasa ni kubwa, muda hautoshi. Kupanga ndiko kunakookoa muda. Napendekeza hivi, bila kumung'unya maneno:

Kwanza, swali la majadiliano litumwe jana yake kwa maandishi matupu, si slaidi nzito za kumaliza bando.

Pili, kila kikundi kiwe na wa ndani na wa nje. Mmoja wa ndani kazi yake iwe kuwaandikia wa nje kinachoendelea na kuyasoma majibu yao kwa sauti.

Tatu, wa nje apewe kazi ambayo chumbani haiwezekani. Wiki iliyopita tulisoma bei za mazao. Wenzetu wakajadili mpunga kwa kutazama jedwali la kwenye desa. Mimi niko Usangu, kwenye mpunga wenyewe! Ningetumwa hapo mashineni nikaulize gunia ni bei gani leo na mkulima anabaki na nini akishalipa kukoboa, darasa zima lingepata kitu ambacho desa halina. Hakuna aliyeniuliza.

Nne, mtandao ukimkatikia mtu, aruhusiwe kutuma jibu lake hadi jioni kwa alama zilezile. Umeme ukikatika si uvivu wake.

Nanyi wenzangu mlioko chumbani, msicheke. Zamu zinageuka. Kesho utakuwa wewe Igurusi, Makambako, au Matamba huko unakopanda kona 57. Mko karibu na lekchara, semeni sasa. Wawakilishi wa darasa, hii ndiyo kazi tuliyowachagulia, si kukusanya majina tu.

Kipimo changu ni kimoja: kazi ya darasa ipangwe kwa kuanza na mwenye mtandao dhaifu kuliko wote. Ikimfaa huyo, aliyekaa kiti cha mbele haiwezi kumshinda.

Anayenipinga na alete hoja. Tuko pamoja.