Si Kila Jeraha la Ukoo ni Laana



Tukiwa kwenye uchungaji likizo iliyopita, mama mmoja alitungoja baada ya sala ya jumuiya. Mwanawe wa miaka kumi na moja hushtuka kwa jambo dogo, hapati usingizi, hupigana shuleni. "Mafrateri, nimempeleka kwenye maombi ya kuvunja laana ya ukoo mara tatu. Mbona haivunjiki?" Kisha akaongeza, kama jambo la pembeni tu: "Nilipigwa sana nikiwa na mimba yake."

Tulimjibu kwamba tutamwombea. Tuliporudi seminarini tuliona aibu kwa jibu hilo.

Mwili ukipatwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo kotisoli. Katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi kuna vipokezi vinavyoinasa homoni hiyo na kusaidia kutuliza mfumo mzima, mfano wa breki. Vipokezi hivyo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni moja. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, wakiwemo Michael Meaney na Moshe Szyf, walionyesha kwamba vitoto vya panya visivyolambwa sana na mama yao katika juma la kwanza hubaki na alama nyingi za kemikali, ziitwazo methili, juu ya jeni hiyo. Herufi za jeni hazibadiliki, ila jeni hufanya kazi kwa unyonge na breki inakuwa dhaifu. Vitoto hivyo vikipewa mama mwingine mwenye kulamba sana, hufuata malezi ya huyo mlezi, si ya aliyevizaa.

Kwa binadamu mambo ni magumu kupima, na tafiti nyingi ni ndogo. Hata hivyo, mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanywa karibu nasi, mashariki mwa Kongo, kwa akina mama 25 na watoto wao wachanga. Kadiri mama alivyokuwa amepatwa na mateso ya vita, ndivyo jeni hiyohiyo ya mtoto ilivyoonekana kuwa na methili zaidi, na uzito wa mtoto ulikuwa mdogo. Mtoto mchanga hajatenda lolote. Hajarithi dhambi ya babu yeyote kwa njia ya mizimu. Mama yake aliishi katika hofu, basi.

Ndiyo maana tunaona kwamba kumwambia mama yule "ni laana" ni kumwongezea mzigo. Nabii Ezekieli, sura ya 18, alikwisha kukataa kwamba mwana abebe hatia ya baba yake. Lakini tusikimbilie upande wa pili na kusema "ndivyo jeni zake zilivyo, hana la kufanya". Wale panya wa Montreal, wakiwa wakubwa tayari, walichomwa dawa ubongoni, na alama zile zikapungua, na mwitikio wao kwa msongo ukabadilika. Hatusemi mtoto achomwe dawa hiyo! Tunasema alama hizi si hukumu ya maisha. Katekisimu nayo, namba 1735, inakiri kwamba hofu na mazoea vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake. Kupunguza si sawa na kumfuta mtu. Mtakatifu Thoma hakufikiri kwamba roho inakaa mwilini kama mpangaji chumbani. Kwake roho ndiyo umbo la mwili. Basi mwili ukijeruhiwa, ni mtu mzima aliyejeruhiwa, na mtu huyo bado anaweza kuchagua, pengine kwa taabu kuliko sisi tuliolala usingizi mzuri utotoni.

Kuna jambo moja linalotusumbua katika habari hizi zote. Zinazungumza juu ya mama: mama alilamba, mama hakulamba, mama alikuwa na msongo. Ni rahisi mhubiri kuzichukua na kuwalaumu akina mama tena, na tunawaomba wenzetu wasifanye hivyo mimbarini.

Mama yule hakujipiga mwenyewe. Wakati anatueleza, mume wake alikuwa amesimama langoni akimsubiri, Biblia mkononi. Tulimpa mkono, tukamtakia usiku mwema. Hatukumuuliza kitu.