Wanaosema Chuo Kikuu Hakina Kazi na Maji ya Iguguno

Pale Iguguno, barabara ya Nduguti inapochepuka kutoka barabara kuu ya Singida–Nzega, shida ya maji ina sura mbili. Kiangazi ni foleni ya madumu. Mvua zikishika, kati ya Novemba na Aprili, ni tope, makorongo na kalavati lililoziba. Ukigusia kwamba wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu wangeweza kuwa na msaada hapo, utajibiwa maneno ambayo nimeyasikia mpaka nikayakariri. Nayajibu hapa, maana mengine yanatugharimu.

La kwanza: "Maji ya mvua ni hasara tupu, chimba mfereji yaende zake."

Yaende wapi? Wilaya ya Mkalama, ilipo Iguguno, imo katika Bonde la Kati, ambalo mito yake haifiki baharini. Maji ya upande huu huteremkia Ziwa Kitangiri na hatimaye Eyasi, ziwa la chumvi. Tunayoyafukuza kwa jembe mwezi wa Januari ndiyo tunayoyatafuta kwa baiskeli mwezi wa Septemba.

Ushahidi hauko mbali. Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kuna visima vinavyolisha jiji hilo, na kina cha maji yake kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 wataalamu wa maji wa Tanzania, pamoja na watafiti wa vyuo vya Uingereza, walichapisha uchambuzi wa vipimo vya miaka 55, kuanzia 1955 hadi 2010. Walichokuta kinapindua mazoea. Manyunyu ya kawaida hayaongezi akiba ya chini ya ardhi kwa kiasi cha maana. Jua na mimea huyamaliza. Kinachoijaza ni zile mvua kubwa za mara chache, zile zile tunazozilaani, kama za El Niño ya 1997 na 1998. Baadaye watafiti, akiwemo Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, walionyesha njia yenyewe: maji hupenya kwenye mikondo ya mito ya msimu inapofurika. Korongo la mchanga, kumbe, ni mlango wa ghala.

Sisemi maji ya stendi, yenye oili na kinyesi cha ng'ombe, yaelekezwe kisimani. Hapana. Lakini mtu anayejua kupima mwinuko wa ardhi anaweza kukuonyesha wapi pa kuyapunguza kasi, wapi pa kuchimba lambo na wapi pa kuyaacha yapenye. Na kuna yale yasiyogusa ardhi kabisa. Bati la madarasa lenye mita za mraba 200, ukihesabu mvua ya milimita 600 kwa mwaka na kutoa moja ya tano inayopotea, linakinga lita 96,000. Ni madumu 4,800 ya lita 20. Hesabu hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaifanya kwa kalamu, ingawa tenki la kuyahifadhi, nakiri, halijengwi kwa kalamu.

La pili: "Leteni mtambo, chimbeni kisima kirefu, habari iishe."

Ardhi ya Singida ni ya miamba ya kale ya matale. Yale majabali yanayoonekana mpaka mjini Singida si mapambo. Maji hukaa kwenye tabaka lililomomonyoka juu ya mwamba na kwenye nyufa zake, kwa hiyo kisima kimoja hutoa na jirani yake hukauka. Bila kupima kwanza, unacheza bahati nasibu kwa fedha za kijiji.

Halafu kuna floraidi. Singida ni mojawapo ya mikoa ambayo maji yake ya ardhini yanajulikana kuwa nayo kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu mpaka 4. Haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi: maji yanapopungua sufuriani, floraidi inabaki ile ile, kwa hiyo inakolea. Meno yenye madoa ya kahawia ndiyo dalili ya mapema. Hapa chuo kina jambo la kuonyesha. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali huko Karatu na mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alitengeneza chujio linalorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika.

La tatu: "Hao wako fildi tu, wanamalizia ripoti zao."

Hili nalikubali nusu. Wapo wanaokuja na madodoso, wakamuuliza mama mwenye dumu kichwani ana watoto wangapi, wakaondoka, na matokeo hayarudi kamwe. Ila si lazima iwe hivyo. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi kwenye kata zinazofurika, wakatembea na wakazi wakichora mifereji na vichochoro mpaka ikapatikana ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Nao watafiti wa SUA, akina Nuhu Hatibu na Henry Mahoo, walikwenda Maswa kuchunguza majaluba, ambayo Wasukuma walikuwa wakikingia maji ya mtiririko kwa ajili ya mpunga. Nani alimfundisha nani hapo?

La nne, "hiyo ni kazi ya serikali," ni kweli: RUWASA ipo kwa maji ya vijijini, TARURA kwa barabara za vijijini na mijini, Bodi ya Maji ya Bonde la Kati makao yake yako Singida mjini. Lakini mhandisi mmoja mwenye wilaya nzima hawezi kusoma kipimo cha mvua Iguguno kila asubuhi. Shule inaweza, kwa kipimo cha plastiki na daftari, wanafunzi wa chuo wakiionyesha namna. Kwa hiyo wanafunzi hao wakifika kwenye mkutano wa kijiji, wasiulizwe wametumwa na nani. Waulizwe nakala ya vipimo itabaki ofisi ya kijiji au itaondoka nao kwenye basi.