MLANGO ULIOKATAA KUFUNGULIWA



Alfajiri moja, hapa kwetu Bulengera, jirani yangu alimpakia mkewe katika motokaa ili ampeleke kujifungua. Walipofika, baba akabonyeza kitufe cha ufunguo wake. Milango mitatu ikatii mara moja. Wa nne, ule wa nyuma wa kushoto, ambao mama mjamzito alikuwa ameuegemea, ukanyamaza kimya. Ikambidi mama yule ajikokote juu ya kiti, katikati ya uchungu wake, hata akatokea upande wa pili. Tumshukuru Mungu, mtoto alizaliwa salama. Lakini lau ingalikuwa ajali, au moto, tungalisema nini leo?

Jioni yake jirani akaja kwangu. "Mwalimu," akasema, "wewe uliyesoma fizikia kwa mapadri, njoo uutazame mlango huu." Nikamjibu ya kuwa mimi si fundi wa garaji, ila akili ya kutafuta chanzo cha jambo ni moja, darasani na garajini. Nikawaita wanafunzi wawili waje kutazama.

Kwanza tufahamu kazi ya vitasa hivi. Ndani ya kila mlango mna mota ndogo ya umeme, yenye nyaya mbili. Umeme wa betri, volti 12, ukipita kwa njia moja, mota husukuma kijiti na komeo hufunga. Ukigeuzwa njia, mota huvuta na komeo hufunguka. Amri hutoka katika swichi ya mlango wa dereva au katika ufunguo wa mbali, hupita katika kifaa kimoja cha kuongoza, ndipo husambazwa kwa milango yote. Ufunguo huo wa mbali ulianza kuuzwa mwaka 1982 katika motokaa ya Renault Fuego ya Ufaransa. Mtunzi wake aliitwa Paul Lipschutz, na kutokana na jina lake wasemao Kifaransa wakauita "plip".

Basi, niliwauliza wanafunzi: "Milango mitatu yatii, mmoja wakataa. Kosa liko wapi?" Mmoja akajibu upesi: "Betri ya ufunguo imekwisha!" Nikamwambia: "Polepole, mwanangu. Betri ya ufunguo ingalikwisha, je, ile mitatu ingalifunguka?" Akacheka, akafahamu. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza. Milango yote ikikataa, tafuta mahali pa shirika: fyuzi, kifaa cha kuongoza, swichi ya dereva. Ikikataa kwa ufunguo wa mbali tu, lakini ikatii kwa swichi, hapo ndipo utazame kibetri cha ufunguo. Mlango mmoja ukikataa peke yake, ugonjwa umo katika mlango ule.

Kanuni ya pili: tega sikio. Mtu mmoja abonyeze swichi, mwingine aweke sikio mlangoni. Ukisikia mota ikilia wala kijiti hakisogei, basi kijiti kimechomoka, au meno ya mota yamelika, au komeo limekauka kwa vumbi. Usiposikia kitu, ama umeme haufiki, ama mota imekufa. Mlango wetu ulikuwa kimya kabisa.

Tukaondoa waya wa kutoa wa betri, tukafungua skrubu, tukauvuta ubao wa ndani wa mlango taratibu tusivunje vibanio vyake. Nyuma yake pana karatasi ya plastiki izuiayo maji ya mvua; ibandue kwa uangalifu, maana lazima irudi mahali pake. Jihadhari pia na nyaya za mifuko ya hewa ya usalama, ambazo mara nyingi zina ala ya manjano. Hizo usiziguse.

Kisha tukarudisha betri, tukashika taa ndogo ya kupimia kwenye nyaya mbili za mota. Swichi ikabonyezwa, taa haikuwaka. Basi mota haikuwa na lawama, au angalau hatukuwa na ushahidi juu yake. Tukaenda kupima penye nguzo ya motokaa, kabla nyaya hazijaingia mlangoni. Hapo taa ikawaka! Basi umeme ulipotelea kati ya nguzo na mlango, ndani ya mpira wa mikunjo ulio karibu na bawaba. Kila mlango ufunguliwapo, nyaya zilizomo hukunjwa. Kila ufungwapo, hukunjuliwa. Motokaa nyingi za kwetu zilitumika kwanza Japani, kisha zikapita bandari ya Mombasa na nchi ya Uganda, zikaingia kwa mpaka wa Kasindi. Zimekwisha kufungua milango yao mara elfu nyingi kabla hatujazinunua.

Tulipovuta mpira, tukaona: waya mmoja umekatika, na wa pili umechunika ngozi, shaba yake yagusa chuma. Jirani akakumbuka kwamba miezi michache kabla yake vitasa vyote vilikuwa vimekufa, na fundi mmoja akaviponya kwa dakika tano. Nikafungua sanduku la fyuzi. Penye fyuzi ya vitasa nikakuta kipande cha waya wa shaba kimepachikwa.

Wasomaji wangu, hapo ndipo moyo wangu ulipouma kuliko penye mlango. Fyuzi ni mlinzi: umeme ukizidi, huungua yenyewe ili motokaa isiungue. Ile ya kwanza iliungua kwa sababu ya waya uliochunika. Ilikuwa yasema kweli. Fundi yule hakuutibu ugonjwa, alimwua mlinzi aliyepiga kelele, akapokea na malipo. Kwa miezi ile yote watoto wa jirani walipanda motokaa iliyoweza kushika moto.

Tuliondoa tena waya wa betri, tukaunga nyaya zote mbili kwa kipande kipya chenye urefu wa kutosha, tukazilehemu, tukavika kila kiungo ngozi yake, na viungo tukavipishanisha visikae mahali pamoja. Kusokota kwa vidole na kuviringisha utepe hakutoshi penye mkunjo. Tukasafisha komeo, tukatia grisi kidogo, tukaweka fyuzi yenye namba ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku. Mlango ukaitika.

Lakini lipo neno kubwa zaidi. Katika motokaa ile kila mlango una kijiti kidogo penye kioo, ambacho mtu aweza kukivuta kwa mkono hata umeme usipokuwapo. Alfajiri ile kilikuwa pale pale, begani pa mama. Hapana aliyewahi kumwonyesha. Baba alijua, akasahau kwa hofu. Nyanya aliyewasindikiza hakujua.

Kwa hiyo, akina baba wenye motokaa, Jumapili hii baada ya Misa waketisheni wote wa nyumbani ndani yake. Waonyesheni jinsi ya kufungua kila mlango kwa mkono. Tazameni pia kile kiswichi kidogo kilicho pembeni mwa milango ya nyuma, kilichowekwa ili watoto wasifungue njiani. Kikiwashwa, mlango hufunguliwa kwa nje tu. Kazi hii ni ya dakika chache, wala haihitaji fundi.

Nanyi wanafunzi, mtakapokuwa mafundi, mkikuta fyuzi imeungua, ulizeni kwanza imeungua kwa nini. Mwenye motokaa hataona mlichokifanya ndani ya sanduku lile, lakini wanawe watakaa juu yake.