Udi Haufukuzi Ukungu wa Stoo



Kila masika, sisi tunaoshona nguo za maharusi hapa Unguja huletewa magauni yaliyotolewa sandukuni yakiwa na madoa meusi na ya kijani. Gauni tutalibadilisha kitambaa. Linalotushughulisha ni mtoto anayelala chumba kimoja na sanduku hilo, ambaye mama yake akiulizwa hali hujibu, "Hajambo, ila kifua tu."

Kwa maoni yetu, chumba cha mtoto kisiwe stoo. Nyumba zetu nyingi ni za familia, na bi harusi akihamia hupewa chumba cha nyuma kilichokuwa kikiwekwa magodoro, mikeka, masufuria ya shughuli na mabegi ya nguo. Vitu husogezwa pembeni, vingine huingizwa mvunguni, na mtoto akizaliwa hulala hapohapo. Dirisha halifunguki kwa sababu kabati limelikinga. Ukisikika uvundo, tunafukiza udi.

Udi ni pambo letu na hatuuachi. Lakini udi hufunika harufu tu, ukungu unabaki palepale unakula. Unakula pamba, mbao, maboksi, ngozi, hata wanga tunaoutia nguo, mradi upate unyevu. Kisha hutoa chembe zisizoonekana kwa macho, zikaruka hewani na kuvutwa puani. Mtoto njia zake za hewa ni nyembamba na anapumua haraka kuliko sisi. Ndiyo maana mkubwa akipiga chafya tu, mdogo hukohoa usiku kucha na kifua kikalia kama filimbi. Mwenye pumu, humwamshia pumu. Moshi wa udi ukiongezeka hapo, kifua kimebebeshwa mzigo wa pili.

Jambo hili si dogo. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak alifariki Desemba 2020, siku chache baada ya kutimiza miaka 2. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba alishalalamika kuhusu ukungu wa nyumba waliyopangishwa, akaambiwa apake rangi. Novemba 2022 uchunguzi rasmi ulieleza kuwa ukungu ule ndio uliomharibu njia za pumzi hadi akafa. Kwao ni baridi, kwetu ni masika, lakini unyevu ni uleule.

Basi bi harusi, ukioneshwa chumba hicho, sema kwa adabu kabla ya shughuli: "Mama, naomba vitu hivi tuvitoe juani, na kabati tulisogeze." Mama mkwe ataelewa, maana atakayelala humo ni mjukuu wake.

Bomba au bati linalovuja litengenezwe kwanza, la sivyo ukungu utarudi hata ukipaka rangi mara tatu. Penye ukungu pasuguliwe kwa maji na sabuni, pakaushwe, pua na mdomo vimefunikwa na watoto wako nje. Maboksi yapandishwe juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Nguo ikauke kabisa, na ikipigwa pasi ya mvuke iachwe ipoe, ndipo ikunjwe. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani, kwa hiyo gauni lishonee mfuko wa pamba. Godoro lililoingia ukungu litupwe, hata kama ni la kumbukumbu.

Na mtoto anayepumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Huyo si wa kuchuliwa mafuta na kungojewa asubuhi.

Watoto ni amana. Tunawashonea nguo za Sikukuu na kuwasomea dua kabla ya kulala, basi tuwape na hewa safi ya kulalia. Gauni la harusi nalo, ukimpa mwenzio anayeolewa na hana uwezo, lina thawabu kuliko likiozea sandukuni.

Wabillahi tawfiq.